Chupa Zilizovaa Soksi

Mume wangu Ventsi alikuwa akichagua mvinyo kwa picha ya mnyama. Akiona farasi kwenye chupa, ananunua. Akiona ndege, anafikiria kwanza. Mimi nilichagua kwa rangi ya karatasi, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumcheka. Tulikuwa watu wa kawaida tu wa Plovdiv, ghorofa ya nne katika yale majengo marefu ya mtaa wa Trakia. Yeye akiendesha gari la mikate, mimi nikinyoosha migongo ya wagonjwa hospitalini. Mvinyo kwetu ulikuwa kitu cha kuteremshia nyama.

Aliyetutoa huko ni Zdravka wa ghorofa ya tano. Zdravka anauza miwani, ameachika zamani, na ana sauti ya kuita watoto kutoka uwanja wa mpira ingawa hana mtoto hata mmoja. Jumamosi moja aligonga mlango wetu amekumbatia chupa tatu.

"Wenzangu kazini wamenipa zawadi ya kutimiza miaka hamsini," alisema. "Siwezi kuzinywa peke yangu, na siwezi kuziangalia zimekaa pale mezani kama mawifi. Leteni glasi."

Tulikaa kwenye roshani yetu, tukazifungua zote tatu kwa mpigo, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifanya. Ndipo tukagundua kitu ambacho pengine wengine wanakijua tangu utotoni. Mvinyo ukiwa peke yake ni mvinyo tu. Ukiuweka karibu na mwenzake, ghafla huu mzito, ule mwepesi, huu unakausha ulimi, ule unaulainisha.

"Huu unanukia kama gari jipya," alisema Ventsi.

"Gari gani?" nikamuuliza.

"La bei."

Tangu siku hiyo tukawa tunakutana Jumamosi alasiri. Kila mtu analeta chupa ambayo hajawahi kuionja, mimi natoa jibini nyeupe na pilipili hoho za kuchoma, Zdravka anakata soseji kavu nyembamba mpaka unaona mwanga ng'ambo. Ujuzi hatukuwa nao. Tulisema tu yaliyotujia mdomoni. Zdravka ndiye aliyepata kipenzi chake mapema: mvinyo mweusi wa zabibu za mavrud, kutoka duka dogo karibu na kituo cha mabasi. Alisema unamkumbusha plamu zilizosahaulika mfukoni mwa koti. Mimi niliangukia mwekundu mwepesi unaotoka kaskazini, karibu na Danube, wenye kaukali kama ka cheri. Na Ventsi, jitu lenye mabega ya kubeba kreti nne za mikate, aliupenda mweupe wa zabibu za dimyat, mwepesi kama maji ya tufaha, akakaa nalo moyoni karibu majira mazima ya joto kabla ya kutuambia.

"Nilijua mtacheka," alisema.

"Hatucheki," alisema Zdravka, huku akicheka.

Ndivyo tulivyokuwa mpaka Bai Stamen, kama tulivyomwita kwa heshima ya umri wake, alipohamia ghorofa ya chini.

Bai Stamen alikuwa fundi wa reli aliyestaafu. Mke wake alifariki miaka kadhaa nyuma, na mwanawe anayefanya kazi Ujerumani akaona baba asikae peke yake kijijini chini ya milima ya Rodopi, akamnunulia kifleti kwetu. Siku aliyohamia hakuwa na vitu vingi: kitanda, redio, picha ya mke, na pipa la bluu la plastiki ambalo wanaume wanne, Ventsi akiwamo, walilishusha hadi ghala la chini ya jengo kama wanashusha jeneza la tajiri.

"Polepole!" alifoka Bai Stamen. "Humo mna mvinyo wangu wa mwaka mzima. Mkono huu ndio ulioupanda, mkono huu ndio ulioukamua."

Baada ya miezi miwili Ventsi akamkaribisha Jumamosi. Alikuja amenyoa, amevaa shati jeupe, ameshika chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji, sasa imejaa mvinyo mwekundu. Akatumiminia wote mpaka ukingoni. Tukagonganisha glasi tukitazamana machoni. "Nazdrave!" Tukanywa.

Ulikuwa mchachu. Sisemi mkali, nasema mchachu, wa kukunja uso, wa kukufanya uhisi meno yako moja moja. Nilimtazama Ventsi. Jicho lake moja lilikuwa limejifunga lenyewe.

"Eeh?" aliuliza Bai Stamen.

"Una nguvu," nilisema.

"Una tabia yake," alisema Zdravka.

"Una..." Ventsi alitafuta neno. "Upo."

Bai Stamen akafurahi, akatuongezea. Nilipotaka kumpa glasi ya chupa yetu, aliinua kiganja. "Mwanangu Iskra, mvinyo wa dukani mimi haunipiti kooni. Ule ni unga na rangi. Wanakoroga kiwandani kama chai ya hospitali." Kisha akatueleza zabibu ni nini, jua ni nini, pipa ni nini, mpaka giza likaingia.

Akaja Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila mara chupa ile ile ya plastiki, kila mara hotuba. Tulikuwa tunampenda, hilo niliseme. Alitutengenezea bomba la jikoni bila kuombwa, alimfundisha Ventsi kupika maharage kwenye chungu. Lakini chupa zetu zilibaki nusu, kwa sababu kabla hujazifikia ilibidi upitie kwenye ule wake, na ukishapitia huko ulimi haukuwa na kazi tena. Nikaanza kumsikia Zdravka akisema Jumamosi ana mafua. Ventsi naye akaanza kupenda kuosha gari.

Ilikuwa mwanzoni mwa masika, bado tumefunga mikononi nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo kwetu huvaliwa Machi, Zdravka alipokuja na wazo lake. Angeleta soksi zake ndefu za sufu. Kila chupa itavishwa soksi mpaka shingoni, yeye atamimina jikoni, sisi tutaonja bila kujua ya nani ni ipi.

"Lakini wa Bai Stamen usikae kwenye chupa ya plastiki, ataijua," nilisema. Nikampa Bai Stamen chupa tupu ya kioo ahamishie mvinyo wake.

Nilidhani atakataa. Badala yake alipiga paja. "Hatimaye! Sasa mtaona wenyewe. Wangu mimi nitautambua hata nikiwa nimelala. Ila leo nitaonja takataka zenu, ili mjue tofauti."

"Bai Stamen ataonja mvinyo wa dukani!" Ventsi alishangaa. "Niite waandishi wa habari?"

"Kaa chini wewe, dereva."

Chupa nne zikavaa: soksi ya kijivu, ya kijani, nyekundu, na moja yenye tundu kisiginoni. Yote ilikuwa mivinyo myekundu, tuliafikiana hivyo. Zdravka akaleta glasi za kwanza, akatangaza ni za soksi ya kijivu. Bai Stamen akaonja kama mtu anayeonja dawa, akashusha glasi.

"Unanyweka," alikubali. "Hauna mwenyewe, lakini unanyweka."

Zikaja za soksi ya kijani. Niliujua kabla haujanigusa mdomo. Ile harufu ilishaingia kwenye mapazia yangu. Ventsi naye akajua, akaanza kuhesabu ndege angani. Bai Stamen akapiga funda moja, akarudisha uso nyuma.

"Nani kaleta huu?"

Ventsi akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Si aibu, niambieni tu. Ventsi, ni wewe? Mwanangu, umeibiwa. Hii ni siki. Usiimwage lakini, mpe Iskra atie kwenye kabeji." Akasukuma glasi mbali, akatafuna kipande cha mkate kusafisha ulimi. "Yaani mtu anauza kitu kama hiki, na usiku analala!"

Ventsi alikuwa mwekundu kama pilipili. "Nitarudisha dukani," alisema kwa sauti ndogo.

Kisha soksi nyekundu. Bai Stamen alionja. Akaonja tena. Akafumba macho, na mikunjo ya uso wake yote ikalegea. Chini, uani, mtu alikuwa anapiga zulia vumbi, pu, pu, pu, na sisi watatu tulikuwa tunamtazama mzee huyu tusijue tufanye nini na mikono yetu.

"Huu hapa," alisema taratibu. "Mnasikia? Huu una mtu ndani yake. Huu ni wangu."

Ulikuwa mavrud wa Zdravka. Wa duka la kituo cha mabasi.

Nilinyanyuka kwenda kuongeza jibini ambalo halikuwa limepungua. Zdravka alikuwa amesimama jikoni, ameshika chupa ya soksi nyekundu kwa mkono mmoja na ya kijani kwa mwingine.

"Nibadilishe?" alininong'oneza. "Iskra, nibadilishe soksi? Dakika moja tu. Hatajua maisha yake yote."

"Sijui."

"Atakufa kwa aibu yule."

"Lakini tukibadilisha, tutakunywa siki mpaka tuzeeke."

"Usinichekeshe! Sema, nibadilishe au nisibadilishe?"

Alikuwa ameshaivua nusu ile ya kijani, chupa ya kioo niliyompa mzee mimi mwenyewe imejitokeza mabega, Bai Stamen alipoingia na glasi yake mkononi. Alikuwa anakuja kuomba aongezwe. Akaitazama chupa. Akaitazama soksi nyekundu, iliyokuwa bado imevishwa chupa nyingine. Zdravka alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu.

"Aha," alisema Bai Stamen.

Akarudi kitini, ingawa ilikuwa kama amerudi ndani ya nafsi yake. Akakaa, akamaliza mvinyo uliobaki kwenye glasi yake, bila haraka, mpaka tone la mwisho. Akatushukuru kwa pilipili. Tukasikia lifti ikishuka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nyingine pia. Ventsi alimgongea na mkate wa moto, akaupokea mlangoni, akasema ana kazi. Sisi tulikutana, tukafungua chupa zetu, tukanywa kwa uhuru tulioutamani miezi yote ile, na haukuwa na raha yoyote. Zdravka alisema mavrud wake umekuwa na ladha ya hatia. Ventsi akamwambia hiyo ni soseji.

Mwishowe nilikutana naye ghalani, nilikoshuka kuchukua mitungi ya pilipili. Alikuwa ameinama juu ya pipa la bluu, anachota kwa sufuria, anamwaga kwenye bomba la maji machafu. Chumba kizima kilinuka siki. Nilitaka kurudi juu, lakini alishanisikia.

"Mlikuwa mnajua?" aliuliza bila kugeuka.

"Tulijua, Bai Stamen."

"Tangu lini?"

"Tangu glasi ya kwanza."

Akaacha kuchota. Nilidhani atanifokea. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na mkaniacha nikahutubia. Kila Jumamosi, nahutubia kama mwenyekiti wa kijiji, na ninyi mnasema una nguvu. Una tabia yake!"

"Hatukutaka kukuumiza."

"Ndiyo. Ndiyo ubaya wenyewe." Alikaa juu ya kreti. Akanionyesha dari kwa kidole. Mabomba mawili mazito ya maji ya moto, yale ya kupasha joto jengo zima, yalipita juu kabisa ya pipa. "Kijijini ghala langu ni la mawe, ni baridi Agosti kama Januari. Hapa nimeuweka mvinyo kwenye bafu la Kituruki. Uliharibika polepole, nikawa naunywa kila siku, ulimi wangu ukaharibika nao. Anayeunywa kila siku hausikii tena. Huko kwetu, ningekuwa na binamu yangu Kuncho. Kuncho angeonja, angetema miguuni mwangu, angesema Stamen, huu hata punda ana haki ya kuukataa. Ningegombana naye mpaka jioni, kisha ningeuhamisha. Hapa kila mtu ana adabu. Wananisalimia kwenye lifti, wananisalimia kwenye ngazi. Tangu nimefika, hakuna mtu aliyenitukana hata mara moja."

Nikachukua sufuria ya pili, nikaanza kuchota naye. Tulichota, mvinyo ukienda bombani kwa sauti ya mto mdogo.

"Bai Stamen," nilisema, "mvinyo wako ulikuwa mbaya sana."

"Vipi mbaya?"

"Ventsi alidhani jino lake limetoboka. Alitaka kwenda kwa daktari."

Alinitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii kicheko kilitoka tumboni, mpaka akashika pipa asianguke.

"Na ule wa tatu?" aliuliza alipopata pumzi. "Ni wa nani?"

"Wa Zdravka."

"Wa duka?"

"Wa duka."

"Duka lipi?" Akatazama mlangoni, kama mtu anayeuliza jambo la siri.

Nilimpeleka siku ile ile. Alisimama mbele ya rafu, mikono nyuma, akasoma kila neno lililoandikwa kwenye chupa, mbele na nyuma, huku midomo ikicheza. Akanunua mbili. Njiani alizifunika kwa vitunguu majani kwenye mfuko, lakini tulipofika kwenye lifti tukamkuta Zdravka.

Nilitamani lifti ikwame. Zdravka aliangalia mfuko, akaangalia vitunguu, akaangalia shingo ya chupa iliyochomoza.

"Huo ni unga na rangi, Bai Stamen," alisema.

"Nyamaza, muuza miwani," alijibu yeye. "Una ulimi mzuri. Kwenye kunywa, si kwenye kusema."

Zdravka akawa mwekundu, akabonyeza kitufe cha ghorofa isiyo yake.

Jumamosi ile Bai Stamen alirudi, na roshani ikawa ndogo. Tuliafikiana, bila kuandikiana, kwamba kuanzia sasa anayeonja aseme. Ventsi alikuwa wa kwanza kuumia: Bai Stamen alipoonja ule mweupe wake mpendwa wa dimyat, alisema ni mvinyo wa kuoshea zabibu nyingine. Ventsi akamwambia mzee asiyeijua siki yake mwenyewe asifundishe watu. Nikashika pumzi. Bai Stamen akajibu kwa furaha kiasi kwamba ilibidi tuwatenganishe kwa banitsa ya moto, wakala keki ile ya jibini wote wawili kutoka sahani moja, bado wanatukanana. Nusu saa baadaye nilimwona mzee akijimiminia ule mweupe kisirisiri. Ventsi naye aliona, na kwa heshima akageukia upande mwingine.

Alionja kila kitu mwaka ule. Ilikuwa kama mtu aliyekaa miaka nyumbani halafu akapewa tiketi ya treni. Mweupe wa bonde la waridi ulimtia machozi, akasingizia kitunguu. Mwekundu wa Melnik aliuita wakili, kwa kuwa unaongea sana na haumalizi. Na siku Zdravka alipokuwa na mafua ya kweli, mzee alimpandishia supu ghorofa ya tano kwa ngazi, lifti ikiwa imeharibika, akakaa huko mpaka tukaanza kuulizana.

Septemba ilipofika, akatuomba tumsaidie kuvuna. Tulikwenda wanne kwa gari la mikate, Ventsi akiendesha, sisi tumekaa juu ya kreti tupu, nguo zetu zote zikinukia unga. Shamba lake lilikuwa dogo, mistari michache tu kwenye mteremko, na majirani walikuwa wameshajipanga ukingoni kuangalia watu wa mjini wanavyoshika mkasi. Binamu Kuncho, mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu, alimkumbatia Stamen kwa nguvu kisha akatukagua.

"Huyu mkubwa anakata zabibu kama anang'oa meno," alisema. "Na huyu mama mwenye sauti?"

"Huyu anauza miwani," alisema Bai Stamen.

"Ndiyo maana ameona kitu kwako ambacho sisi hatukioni."

Zdravka alimrushia zabibu. Ikampata shavuni. Kuanzia hapo akahesabiwa mtu wa nyumbani.

Mvinyo tuliuacha katika ghala la mawe la Kuncho. Februari tulirudi kwa sikukuu ya kupogoa mizabibu, theluji imefunika mteremko wote, mizabibu imesimama kama vijiti vya mtoto aliyeacha kuchora katikati. Bai Stamen alimpa Zdravka mkasi. Zdravka akakata tawi lililopaswa kubaki. Kuncho alifungua mdomo, lakini Bai Stamen akamtangulia, akachukua lile tawi, akalisokota likawa duara, akamvisha Zdravka kichwani. Mvinyo wetu mpya tuliumwaga kidogo kwenye mizizi, uliobaki tukaunywa. Haukuwa mbaya. Haukuwa mzuri pia. Ventsi alisema unafanana na mtu anayejitambulisha na kusahau jina lake, na tukakubali kwamba ni hivyo hasa.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, shemeji yake Kuncho, mama mmoja mnene aliyekuwa kimya siku nzima, alitoa chini ya koti lake kichupa kisicho na karatasi. Mvinyo wake haukuwa mwekundu wala mweupe. Ulikuwa rangi ya kitunguu kilichokaangwa kidogo. Alisema unatoka kwenye mzabibu mmoja tu unaopanda juu ya banda lake la kuku, mzabibu wa bibi wa bibi yake, na hakuna anayejua unaitwaje.

Tuliupokezana tukiwa tumesimama, glasi moja watu sita. Ulikuwa baridi, na ulinukia majani makavu, na asali, na kitu kingine ambacho kila mmoja alikitaja kwa jina tofauti. Bai Stamen alisema ni mbao mpya. Zdravka akasema ngozi ya mtoto mchanga. Mimi nilitaka kusema jambo, kisha nikaona bora ninywe tena kabla glasi haijafika kwa Ventsi.

"Mama," Ventsi alimwambia yule mama, kofia mkononi, "unauza?"

"Siuzi," alisema. "Njooni."

Tumekwenda mara tatu tangu wakati huo. Mwaka jana mzabibu ule haukuzaa kitu, kuku walipanda juu yake. Mwaka huu anasema kuna matumaini.